Barabara ya Pikes Peak: yanayosemwa na yalivyo kweli

"Kazi ni kupanda, kushuka unaachia gari tu." Kati ya yote yanayosemwa kuhusu barabara ya Pikes Peak, jimboni Colorado, Marekani, hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Barabara hiyo ina urefu wa kilomita 31 hivi na inafika kileleni kabisa, mita 4,302 juu ya usawa wa bahari. Hatari yake kubwa iko kwenye mteremko. Dereva anayeshuka mguu ukiwa juu ya breki muda wote anazichosha: pedi zinapata moto na kupoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka, pedeli inazama bila gari kupungua mwendo. Dawa ni kuweka gia ndogo mapema ili injini ilishike gari, kisha kukanyaga breki kwa vipindi vifupi. Gari la otomatiki nalo lina gia hizo ndogo, ingawa madereva wengi hawajawahi kuzitumia. Pale Glen Cove, kituo kilicho njiani, wahudumu husimamisha magari yanayoshuka na kupima joto la breki. Zikikutwa na moto mno, unaegesha mpaka zipoe. Tafadhali usiwanung'unikie, wanaokoa maisha.

Kuna wanaoamini kwamba huko juu hewa ina asilimia ndogo ya oksijeni. Asilimia ni ileile, 21 hivi. Kinachoshuka ni mgandamizo wa hewa, unaobaki kama asilimia 60 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Na mazoezi hayakukingi. Mkimbiaji hodari anaweza kuumwa kichwa na kutapika huku mzee aliye naye yuko salama. Gari linaongeza tatizo, kwa kuwa linakutoa Colorado Springs, jiji lililo chini ya mlima kwenye mita 1,840 hivi, na kukufikisha kileleni kabla mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Ukizidiwa, shuka. Usingoje nafuu ukiwa kileleni.

Gari kukosa nguvu karibu na kilele si lazima liwe bovu: injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa, nayo inakosa hewa. Gari la umeme halina shida hiyo. Mwaka 2018 Romain Dumas aliendesha Volkswagen ya umeme katika mbio za mlima huo, kilomita 20 hivi zenye kona 156, akamaliza chini ya dakika nane, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake.

Mengine ni ya haraka. Barabara si ya changarawe tena; lami ilikamilika mwaka 2011. Wala si ya juu kuliko zote Amerika Kaskazini, kwani ile ya Mount Blue Sky, mlima ulioitwa Mount Evans hadi 2023, inaizidi kwa mita chache. Naye Zebulon Pike, mwanajeshi mpelelezi ambaye mlima umepewa jina lake, hakufika kileleni. Alijaribu mwaka 1806 akarudi.

Kuhusu majira ya joto, wageni hupanda na fulana tu. Theluji inaweza kuanguka mwezi wowote kileleni, na alasiri za kiangazi huja na radi mahali pasipo na mti hata mmoja wa kupita kimo chako. Panda asubuhi, ubebe koti, na ukisikia ngurumo rudi garini ufunge madirisha.