Je, Wajua kwa Nini Injini ya Tabo Iliyofufuliwa Hunoki Tena?

Siku ya tisa baada ya kulitoa gari langu gereji, nilipokuwa nikirudi Kampala kutoka Entebbe, niliusikia tena mlio ule ule niliokuwa nimelipa pesa nyingi ili unyamazishwe: ko-ko-ko, mzito, unaotoka chini ya injini, unaokaza kila nikikanyaga mafuta na kulegea kila nikiachia. Gari lenyewe ni Subaru Impreza ya mwaka 1995 yenye injini ya EJ20 ya tabo, yaani yenye kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi. Metali za konrodi zilikuwa mpya, krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ilikuwa imesagwa upya ili uso wake uwe laini, na oili ilikuwa haijamaliza hata wiki mbili. Ilikuwaje basi injini ikanoki tena? Jibu nililipata kwa fundi wa pili, aliyeifungua mbele ya macho yangu huko Ndeeba, mtaa wa Kampala, nami nalieleza hapa kwa sababu naamini limewagharimu wengi wenye magari ya aina hii: injini yangu iliuawa mara ya pili na vipande vya chuma vilivyobaki ndani yake tangu ilipokufa mara ya kwanza.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kwanza kujua metali hufanya kazi gani. Konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, haiikamati krenki moja kwa moja. Kati yao huwekwa vikombe viwili vya nusu duara, na hivyo ndivyo mafundi wetu huviita metali. Mgongo wa metali ni chuma kigumu, lakini uso unaoielekea krenki una tabaka la madini laini, kwa kawaida mchanganyiko wa aluminiamu na bati au wa shaba na risasi. Ulaini huo umekusudiwa, ili chembe ndogo ya uchafu ikipita izame humo badala ya kuikwaruza krenki. Injini ikiwa nzima, krenki na metali havigusani kabisa, kwa kuwa pampu husukuma oili katikati yao na krenki inapozunguka huelea juu ya utando wa oili ambao ni mwembamba kuliko unywele. Katika mizunguko 6,000 kwa dakika, krenki huzunguka mara 100 kila sekunde, kwa hiyo oili ikikatika hata kwa muda mfupi, chuma hukutana na chuma, joto hupanda ghafla, na tabaka laini huyeyuka na kusambaa. Nafasi ikishapanuka, oili huvuja kupitia hapo, shinikizo hupungua kwa metali nyingine zote, na konrodi huanza kuigonga krenki kila pistoni inaposhuka. Huko ndiko kunoki.

Sasa ongeza tabo. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili hataza ya wazo hili mwaka 1905: moshi unaotupwa na injini bado una nguvu, basi utumiwe kuizungusha pangaboi itakayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hewa zaidi na mafuta zaidi humaanisha kishindo kikubwa zaidi juu ya pistoni, na kishindo chote hicho hubebwa na utando ule ule wa oili. Isitoshe, mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika pembeni ya moshi wenye joto la mamia ya digrii, nao hulainishwa kwa oili ile ile ya injini. Dereva anayekuja kwa kasi kwenye barabara kuu ya Entebbe na kuzima gari papo hapo anapofika huiacha oili iungue ndani ya tabo na kugeuka masizi. Jambo jingine ni petroli. Injini nyingi za aina hii zilizoundwa kwa ajili ya soko la Japani zilikusudiwa kutumia petroli ya huko yenye oktani (uwezo wa kustahimili shinikizo bila kujilipukia) inayokaribia 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Shinikizo la tabo likizidi, mchanganyiko hulipuka wenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio, na pistoni hupigwa kama kwa nyundo. Kipigo hicho huishia kwenye metali.

Yote haya hueleza kifo cha kwanza. Kifo cha pili kina maelezo yake, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea, tena mafundi wazuri.

Metali inaposagika, unga wake hauendi sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kutulia huko. Pampu huuvuta pamoja na oili na kuusukuma kuelekea kwenye chujio. Chujio hunasa sehemu kubwa, lakini kina vali ndogo inayofunguka oili ikiwa nzito asubuhi au chujio likiwa limeziba, kwa sababu watengenezaji waliona ni afadhali injini ipate oili chafu kuliko kukosa kabisa. Vali hiyo ikifunguka, chembe za chuma hupita bila kuzuiwa hadi kwenye mifereji iliyotobolewa ndani ya bloku, kwenye matundu yaliyochimbwa ndani ya krenki yenyewe, kwenye bomba jembamba la tabo, na kwenye kipoza oili ambacho katika injini yangu kimefungwa nyuma ya chujio. Kipoza hicho ni kama sega la nyuki la bati, chenye njia finyu zilizopindana. Chembe zikiingia hukaa, na kwa joto na mtikisiko huachiliwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, ndani ya metali mpya.

Fundi wa Ndeeba hakuanza kwa kukisia. Alilikata chujio kwa msumeno, akaikunjua karatasi yake juu ya gazeti na kuisogeza kwenye jua. Mikunjo yote ilimeremeta kama iliyonyunyiziwa vumbi la dhahabu. Alipitisha sumaku juu yake, na karibu hakuna kilichonaswa, dalili kwamba unga ule ulikuwa wa tabaka laini la metali, wala si wa chuma cha krenki. Kisha akaniwekea kiganjani metali ya silinda ya tatu. Ilikuwa imesagika hadi rangi nyekundu ya shaba ikajitokeza, na katikati yake ulipita mfereji mmoja mrefu, mithili ya alama ya msumari kwenye sabuni. Hatimaye akakifungua kipoza oili, akafunga kitambaa cheupe kwenye tundu moja na kupuliza hewa ya kompresa kupitia tundu la pili. Kitambaa kilijaa vimulimuli. Gereji ya kwanza ilikuwa imekirudisha kipoza kile bila kukigusa, pengine kwa nia njema ya kunipunguzia gharama.

Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo aanze wapi? Kwanza kabisa azime injini mara tu anapousikia mlio, na gari livutwe. Kila kilomita inayoendeshwa baada ya hapo huongeza unga, na sehemu iliyoweza kuponywa kwa kusagwa huharibika kabisa. Pili, pesa za mwanzo zitumike katika kupima na kusafisha, kabla ya kununua kipuri chochote. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wetu hukimbilia kununua metali kabla ya kujua krenki imebaki na kipenyo gani.

Injini ya EJ20 ina taabu yake katika kufunguliwa. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, na bloku imegawanyika katikati, krenki ikiwa imebanwa kati ya nusu hizo mbili. Haiwezekani kuzitenganisha kabla ya kuchomoa pini za pistoni, nazo huchomolewa kupitia matundu maalumu ya bloku yaliyofunikwa kwa vifuniko, kwa chombo cha kuvutia na subira nyingi. Fundi asiyeijua kazi hii hulazimisha, na bloku ya aluminiamu haisamehe nyundo. Krenki ikishatoka, hupimwa kwa maikromita katika sehemu kadhaa za kila shingo, yaani sehemu inayokaa ndani ya metali, ili ijulikane kama bado ni ya mviringo au imekuwa yai. Subaru hutengeneza metali za EJ20 kwa ajili ya krenki iliyopunguzwa kwa 0.03, 0.05 na 0.25 mm. Krenki yangu ilikuwa imeshasagwa hadi hatua hiyo ya mwisho katika matengenezo ya kwanza, na sasa ilikuwa imekwaruzwa tena, kwa hiyo nililazimika kutafuta nyingine ya mtumba. Tuliipata Kisekka, soko la vipuri mjini Kampala, na fundi aliipima palepale kaunta kabla sijatoa hata shilingi.

Baada ya hapo kazi yote ilikuwa usafi. Vizibo vya mifereji ya oili vilitolewa, brashi ndefu nyembamba zikapitishwa ndani pamoja na mafuta ya taa, kisha maji ya moto yenye sabuni, kisha hewa, na kila tundu likajaribiwa kwa kitambaa cheupe hadi kikatoka cheupe. Matundu ya krenki yalipewa siku nzima. Tabo ilifunguliwa, na beringi zake zilizokwaruzika zikabadilishwa. Kipoza oili kilitupwa, kwa kuwa hakuna namna ya kuona ndani yake na kuwa na hakika. Tulinunua cha mtumba kutoka injini ambayo haikuwahi kunoki, tukakijaribu kwa kitambaa pia. Niliokoa pesa kwenye pistoni, ambazo vipimo vyake vilikuwa bado vizuri, na kwenye vichwa vya silinda, ambavyo vilihitaji gasketi tu.

Lakini nini kiliisababisha injini ikose oili pale mwanzo? Swali hili gereji ya kwanza haikuliuliza. Nyuma ya pampu ya oili ya EJ20 kuna kifuniko kilichofungwa kwa skrubu, na skrubu hizo zinajulikana kwa kulegea kadiri miaka inavyopita. Pampu yangu ilipofunguliwa, mbili kati yake zilizunguka kwa vidole. Shinikizo lilikuwa likivujia humo muda wote, kabla ya matengenezo na baada yake. Pampu mpya ilifungwa, skrubu zikapakwa gundi ya kuzizuia zisilegee, na bomba la kufyonza oili ndani ya sampu likakaguliwa nyufa, kwa kuwa nalo huwa linapasuka kwenye maungio.

Baadhi ya rafiki zangu walinishauri ninunue injini nzima ya mtumba. Ni njia halali ikiwa utaruhusiwa kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na kuchungulia ndani ya sampu, lakini injini ya miaka ya tisini inayouzwa leo ina historia usiyoijua, na huenda nayo inabeba unga wake. Gari lenyewe nalo halina mbadala rahisi: tangu sheria ya usalama barabarani iliporekebishwa mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Impreza za enzi hiyo zilizomo nchini ndizo hizi tulizo nazo.

Siku ya kuiwasha, plagi zote zilitolewa na mafuta yakakatwa, starta ikaizungusha injini kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili ikazimika, ndipo plagi zikarudishwa. Baada ya kilomita 100 tuliimwaga oili ile mpya, jambo lililoniuma kidogo, na fundi akalikata chujio kama mara ya kwanza. Aliikunjua karatasi juani, akaigeuza pande zote, akanipa niishike mwenyewe. Ilikuwa nyeusi kwa oili, na hakuna kilichometa.