Ganda la chungwa kwenye rangi ya gari

Shika chungwa karibu na dirisha, uliangalie kwa ubavu. Linang'aa, lakini ngozi yake imejaa vishimo na mwanga unavunjikavunjika juu yake. Mlango wa gari ukitoka kwenye rangi na sura hiyo, ndiyo inaitwa ganda la chungwa. Ukipitisha kiganja unaweza usihisi kitu. Tazama tyubulaiti ya dari inavyojionyesha kwenye bati: badala ya mstari ulionyooka, kingo zinatetemeka.

Kazi ya bunduki ya rangi ni kuigeuza rangi kuwa ukungu. Upepo wa kompresa unaipasua inapotoka kwenye nozeli, matone yanatua kwenye bati, kisha yanatakiwa yaungane na kujisawazisha kabla tina, kile kimiminika cha kuizimua rangi, haijaruka hewani. Tone likiwa kubwa mno, au likianza kukauka likiwa bado hewani, linabaki pale lilipoangukia na kilima chake. Vilima hivyo ndivyo unavyoviona.

Mafundi wengi hapo hukimbilia kuongeza upepo. Mimi nasema anza na uzito wa rangi, na uzito huu si wa mizani, ni ugumu wa rangi kutiririka. Unapimwa kwa kikombe chenye tundu chini. Kile kinachoitwa DIN 4 kinabeba mililita 100 na tundu lake ni milimita 4. Ziba tundu kwa kidole, jaza, achia, hesabu sekunde mpaka mkondo ukatike. Linganisha na karatasi ya maelekezo ya rangi yako. Sekunde zikizidi, rangi ni nzito, ongeza tina kidogo upime tena.

Lakini kikombe hakipimi tina inaruka haraka kiasi gani. Niliwahi kupiga klia, lile tabaka angavu la juu, kwenye boneti ya Toyota Noah saa nane mchana, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Sekunde zilikuwa sawa, upepo sawa, na boneti yote ikatoka chungwa tupu. Vipimo vya kwenye karatasi kwa kawaida ni vya joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Bati lile lilikuwa halishikiki kwa joto. Niliirudia saa moja asubuhi, kivulini, kwa tina ya kukauka polepole, ikatulia kama maji kwenye beseni. Kuongeza tina ileile ya haraka kusingenisaidia.

Uzito ukikaa sawa, sasa gusa bunduki. Kwa klia nozeli ya tundu la milimita 1.3 au 1.4 inatosha, praima nzito, ile rangi ya msingi, inataka 1.6 hadi 1.8. Upepo usome ukiwa umebana kifyatulio, maana geji inayoonyesha bar 2 bunduki ikiwa imetulia hushuka mara tu upepo unapoanza kutoka, na mpira mwembamba mrefu hushusha zaidi. Hilo peke yake limewapotezea watu siku nzima.

Jaribu kwenye boksi, umbali wa sentimita 15 hadi 20, fyatua mara moja na kuachia. Alama nzuri ni ndefu, imelingana juu na chini. Upande mmoja ukiwa mzito, zungusha kifuniko cha upepo, kile cha mbele ya nozeli, nusu mzunguko, ufyatue tena. Uzito ukihama nacho, uchafu uko kwenye kifuniko. Ukibaki palepale, kagua nozeli na sindano. Safisha matundu kwa brashi laini na kijiti cha meno. Waya hapana, tafadhali: unapanua tundu, na bunduki hairudi tena kama zamani.

Na gari ambalo tayari limetoka chungwa? Iache klia ikauke kabisa, kisha piga msasa wa maji namba 1500, halafu 2000, umalizie kwa kampaundi, ile dawa ya kung'arishia. Nenda taratibu kwenye kingo za milango na mikunjo ya bati, kwa sababu hapo klia huwa nyembamba, na ukiona maji ya msasa yameanza kubeba rangi ya gari, umeshaimaliza.