Shida hayupo leo: jinsi ya kupima jina la mtoto kabla halijaandikwa

Wazazi wengi wanaokuja na jina lisilo la kawaida huuliza jambo moja: lina maana gani? Swali si baya, ila kwa Kiswahili halifiki mbali, kwa sababu majina yetu mengi ni maneno ya kila siku. Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Subira, Riziki, Faraja, Sikudhani, Siajabu: anayeyasikia anaelewa papo hapo. Swali linalomhusu mtoto zaidi ni hili: jina likiingia ndani ya sentensi, sentensi hiyo itasema nini?

Sarufi yetu inamkinga mwenye jina kwa kiasi kikubwa. "Shida imekuja" ni tatizo. "Shida amekuja" ni binti wa jirani. Vivyo hivyo "ilete tabu" na "mlete Tabu". Kile kiambishi cha mtu kinatosha kabisa kulitenga jina na neno, na ndiyo sababu watu wameishi na majina haya vizazi na vizazi bila kuchekwa kila saa. Ila kinga hiyo ina matundu, na matundu yenyewe yanajulikana: nina, kuna, bila, pamoja na, nimekuja na, naishi na, ameolewa na. Hapo hakuna kiambishi cha kumtambulisha mtu. Mama anafika dirishani zahanati na kusema "nimekuja na Shida", muuguzi anamjibu "wote hapa wana shida, kaa foleni". Dada anatambulishwa ukumbini kuwa "ameolewa na Mashaka" na meza ya mbele inaangaliana. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni kulichomeka jina katika sentensi hizo saba, kwa sauti, mbele ya mtu mwingine. Jina likipita zote bila anayesikiliza kukunja uso, limevuka hatua kubwa.

Majina mazuri nayo yapimwe vivyo hivyo. Hakuna anayeogopa kumwita mtoto Amani, Furaha, Neema au Baraka, lakini jaribu "nyumba hii haina Amani", au "Furaha ametutoka" lilivyo kwenye tangazo la msiba. Simkatazi mzazi. Nataka alisikie leo, nyumbani kwake, asije akalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Majina yaliyo sentensi nzima yana tabia yake. Sikujua, Sikudhani, Semeni, Sijaona. Mengi yalitungwa kama ujumbe: kwa wifi, kwa mke mwenza, kwa majirani waliosema mama hatazaa. Semeni maana yake semeni mtakavyo, sawa na maandishi ya kanga, ila kanga huvuliwa. Anayelengwa na ujumbe huhama, hupatana na familia, hufariki, na mtoto anabaki amebeba neno la ugomvi asioujua. Tena majina haya yanachanganya mazungumzo: "Nani alikuambia?" "Sikujua." Mwalimu mgeni atadhani anajibiwa ovyo. Ukitaka kuweka ujumbe ndani ya jina, weka ule ambao mtoto mwenyewe ataweza kuueleza akiwa na miaka ishirini bila kumtaja adui wa mama yake.

Majina ya dhiki yana sababu nyingine ambayo watu wa mjini wanaidharau upesi mno. Mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufariki alipewa jina la kumkinga au la kutangaza kurudi. Wakikuyu wana Kariuki, aliyefufuka, na Njoki, aliyerudi. Wakamba wana Musyoka, aliyerejea. Anayelicheka jina la namna hiyo anacheka kaburi la kaka mtu. Ukikuta jina zito katika ukoo wako, muulize bibi au shangazi lilianzia wapi kabla hujaliita la kishamba.

Kisha kuna majina ya nafasi, na hapa ndipo wazazi wanaopenda jina kwa mlio wake tu wanapojikwaa. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Kulwa ni pacha wa kwanza, Doto wa pili, na Shija ndiye anayewafuata mapacha. Kashinje ametanguliza miguu alipozaliwa. Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, na Kizza anayewafuata. Burundi kuna Bukuru na Butoyi. Wajaluo wana Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo, halafu Okello au Akello. Ukimpa Doto mtoto aliyezaliwa peke yake, maisha yake yote ataulizwa "Kulwa yuko wapi?" na hana jibu. Na palipo na pacha aliyefariki, swali hilohilo litamwamshia majonzi kila anapojitambulisha. Jamii zilizo na mpangilio huu zinalijua hilo na zimelikubali kama namna ya kumkumbuka aliyeondoka. Wewe uliyelichukua kwa utamu wake hujajiandaa. Pili na Tatu ni nyepesi zaidi, ila nazo zitaulizwa Mosi ni nani.

Majina ya wakati hayana mzigo huo. Chausiku kazaliwa usiku, Mwanamvua wakati wa mvua, Mwanaidi sikukuu, Rajabu na Shabani katika miezi yake, Jumanne siku yake. Kwa Wajaluo Otieno na Atieno ni wa usiku, Ochieng' na Achieng' wa jua kali, Okoth na Akoth wa mvua. Yanaeleza tu, hayahukumu. Mzazi anayetaka jina lisilosikika kila kona na bado liwe na mizizi, mimi humwelekeza huku kwanza. Chausiku, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa majina mazuri kabisa ya Kiswahili, na wasichana wanaoitwa hivyo wanapungua bila sababu ya maana.

Hisia ambazo watu wanazibandika kwenye jina hazitoki kwenye maana yake peke yake. Mara nyingi mtu mmoja aliyelibeba huligeuza. Msanii mkubwa wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880 alipewa jina la Mtumwa, wakati utumwa ulikuwa bado halali visiwani. Ulifutwa kisheria mwaka 1897. Sauti yake ilipompandisha, watu walimwita Siti, yaani bibi mheshimiwa, na kwa jina la Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Jina la kwanza lilitaja daraja aliyozaliwa nayo, la pili daraja aliyoifikia. Kwa upande mwingine, Majuto ni neno la huzuni tupu, lakini Amri Athumani, mchekeshaji aliyejulikana kama King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, aliligeuza kuwa kicheko: ukilitaja mbele ya Mtanzania wa rika fulani, atatabasamu kabla hujamaliza. Masanja, jina la Kisukuma la heshima, lilipochukuliwa na mchekeshaji wa runinga lilianza kuwapa kina Masanja wote utani wasiouomba.

Kwa hiyo usikimbilie jina la mtu anayevuma sasa hivi. Mwaka 2008, Obama aliposhinda Marekani, kina Barack na Michelle wachanga walijaa Kisumu. Barack ni Baraka ileile tunayoijua, jina litadumu. Lakini jina la mwanasiasa au msanii aliye bado katikati ya safari yake ni mkopo ambao hujui riba yake. Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, miaka miwili kabla ya Kenya kupata uhuru Desemba 1963. Wazazi wake walichagua tumaini badala ya mtu, na ndiyo maana jina halikuchakaa.

Majina ya Kiislamu yanahitaji uangalifu wa herufi. Asia tunayoiandika kwa Kiswahili inaweza kuwa Asiya, mke wa Firauni anayesifiwa, au neno la Kiarabu lenye herufi ain mwanzoni na swad katikati, ambalo ni mwasi wa kike. Hili la pili Mtume alimbadilishia mwanamke mmoja na kumwita Jamila. Kwa herufi zetu yanafanana kabisa, basi kama mna ndugu Oman au popote Ghuba, mwandikieni jina kwa Kiarabu tangu mwanzo. Na Abdulrahman liandikwe neno moja. Likitenganishwa, ofisi za Ulaya na Amerika Kaskazini hulichukua Abdul kuwa jina la mtoto na Rahman kuwa la ukoo, na Abdul peke yake ni "mtumwa wa" bila kusema wa nani.

Nje ya nchi kuna migongano mingine. Malaya ni jina la kike lenye maana ya aliye huru kwa Wafilipino, na wazazi wa Kimarekani huliokota kwenye orodha za intaneti. Mtoto huyo akija Mombasa atashangaa. Mavi kwa Kituruki ni rangi ya buluu. Sisi nasi tuna yetu: Semeni, kwa sikio la Kiingereza, itamletea kijana wa sekondari huko London mateso ya kila siku, na Fatuma hukatwa kuwa Fat, yaani mnene. Kama familia inaishi huko, jina liombwe maoni kwa vijana wa huko wa miaka kumi na miwili. Hao hawaoni haya, watakwambia mara moja.

Tukija kwenye ukataji, hakuna jina la Kiswahili linalobaki zima mtaani. Ramadhani atakuwa Rama, Abdallah atakuwa Dula, Mohamedi atakuwa Mudi, Mariamu atakuwa Mamu. Likate mwenyewe kwa silabi mbili za mwanzo na mbili za mwisho, usikie kilichobaki. Na usisahau kwamba mtoto wa kwanza anakupa jina na wewe. Ukimwita Matatizo, majirani, fundi na mwenye duka watakuita Mama Matatizo mpaka uzeeni.

Sasa karatasi, ambako majina mengi mazuri huharibikia. Liandike jina kwa herufi kubwa, herufi kwa herufi, kabla ya kwenda kujifungua, na limpe anayekusindikiza. Muuguzi anayejaza tangazo la kizazi, ile fomu ya taarifa ya kuzaliwa, anaandika anachosikia: Jackline, Jacqueline na Jaklini ni watu watatu tofauti mbele ya kompyuta, sawa na Hamisi na Khamis, Ester na Esther. Soma tangazo kabla ya kutoka wodini. Tanzania Bara sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, Kenya ndani ya miezi sita. Kuchelewa kunaongeza ushahidi unaotakiwa.

Urefu nao una mpaka. Zile alama chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti ni mistari miwili ya nafasi 44, na jina limetengewa nafasi 39 tu, pamoja na alama za kutenganisha. Hesabu: jina la ukoo Mwinyimkuu ni herufi 10, kisha alama 2, Mwanahamisi 11, alama 1, Abdulrahman 11. Jumla 35, limeingia. Ukiongeza Zuhura katikati, herufi 6 na alama yake, unafika 42, na herufi 3 lazima zikatwe. Tiketi ya ndege ikiandikwa kwa ukamilifu na pasipoti ikawa imekatwa, jiandae kueleza kaunta. Mistari hiyo pia haina ritifaa. Ng'wandu atakuwa NGWANDU, na Nyong'o, jina la Kijaluo linalojulikana dunia nzima, linageuka NYONGO, ambalo Mswahili analisoma kama maji machungu ya ini. Jina lenye ng' silipingi hata kidogo. Jua tu namna litakavyoonekana bila ritifaa, na uliandike hivyohivyo kwenye fomu zote za safari.

Kama jina limekwisha kuandikwa na linamuumiza mtoto, wahi. Kenya, sheria ya usajili wa vizazi inampa mzazi miaka miwili tangu usajili kuingiza jina lililobadilishwa. Baada ya hapo njia ni hati ya kubadili jina. Tanzania hati hiyo huandaliwa kwa wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Anza na cheti cha kuzaliwa, kisha shule, na hakikisha shule imerekebisha kabla ya kumsajili kwa mtihani wa darasa la saba, kwa sababu jina la mtihani ndilo litakalomfuata kwenye vyeti vyote. Mtoto akiwa amefika umri wa kujieleza, muulize kwanza. Wapo kina Shida na kina Tabu wanaolipenda jina lao kwa sababu ni la bibi yao, na hawataki liguswe.