Kizuri hakijiuzi: tunayojidanganya kuhusu kutangaza biashara ndogo Mwanza

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii naisikia karibu kila wiki pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, na mara nyingi anayeitamka ni mtu mwenye mzigo mzuri kweli uliokosa mnunuzi. Mimi nafanya biashara ya dagaa wa kufungasha. Akina mama wanaoniuzia mzigo, na wenzangu wa Igoma na Buzuruga wanaouza unga, batiki na sabuni, ni wachapakazi. Kinachoniuma ni kuwaona wakimaliza mtaji mdogo walionao kwa kuamini mambo tuliyorithishana sokoni bila kuyapima.

Nianze na methali yenyewe. Inafaa kwa kitu ambacho jicho linakimaliza: embe bivu, ng'ombe mnono. Dagaa aliye ndani ya gunia hajielezi. Mama aliyeanika kwenye chanja na jirani yake aliyeanika mchangani wanakaa na magunia yanayofanana, na tofauti mteja ataijua siku atakapotafuna mchanga nyumbani kwake Dodoma. Ukweli ni kwamba sifa isiyoonekana lazima isemwe, tena na mwenye mali mwenyewe. Niliandika maneno manne tu kwenye mfuko: "Wa chanja, hawana mchanga." Swali nililokuwa nikiulizwa kwenye simu kila siku likakoma, na waliopiga wakawa wanauliza bei na usafiri.

Dhana nyingine: "Nimepata eneo zuri, sina haja ya kujitangaza."

Waulize waliokuwa wakiuza kwenye vivuko. Kwa miaka mingi foleni ya Kigongo na Busisi ilikuwa soko kamili. Abiria na madereva walisubiri kivuko, na wakisubiri walinunua samaki wa kukaanga, maji, matunda, vocha. Tarehe 19 Juni 2025 likazinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, juu ya Ghuba ya Mwanza, na sasa gari linavuka kwa dakika chache bila kusimama. Kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando kutoka Sengerema, daraja hili ni neema kubwa, na hakuna anayetamani foleni irudi. Lakini mchuuzi aliyetegemea foleni peke yake, bila namba ya simu ya mteja hata mmoja, amebaki na meza. Wale watu walikuwa wateja wa kivuko. Mteja anakuwa wako pale anapoweza kukupata ukiwa umehama.

Ndiyo maana namba za simu ni mali. Na hapo pana dhana inayowapotezea wenzangu muda mwingi kuliko zote: kwamba ukituma tangazo kwa watu wengi WhatsApp, limewafikia wengi.

Ile orodha ya matangazo, ambayo wengi tunaiita brodikasti, hubeba watu 256 kwa orodha moja. Jambo ambalo hatuambiani ni hili: ujumbe wake humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kama wewe umemhifadhi na yeye hajakuhifadhi, hapati kitu. Stetasi nayo iko hivyo hivyo. Asiye na namba yako haioni, na ikipita saa 24 imefutika. Nilikaa karibu mwaka mzima nikituma bei mpya kila Jumatatu, nikinung'unika kwamba wateja wa siku hizi hawajibu, kumbe wengi wao hawakuwahi kupokea neno langu hata moja. Siku nilipoelewa, nilianza upya. Mteja akishalipa, kabla hajaondoka, namwomba ahifadhi namba yangu kwa jina la biashara, mbele yangu, dakika hiyo hiyo. Wachache hukataa. Anayekataa simlazimishi, na anayeniambia nisimtumie matangazo namtoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Kuokota namba kwenye makundi ya misiba na harusi na kuzirushia matangazo ni kumvamia mtu, hata kama unachouza ni kizuri.

Kuhusu wafuasi wa Instagram sina mengi. Mfuasi aliye Mtwara akikupa moyo mwekundu umefurahi, lakini kama unauza chapati za moto Nyakato, mwenye duka la jirani anayekuelekeza wateja ana thamani zaidi. Ukilipia tangazo la mtandaoni, chagua eneo. Facebook na Instagram zinakuruhusu kuweka Mwanza peke yake.

Sasa nije kwenye jambo ninalotamani kila mfanyabiashara wa kanda hii alijue. Dhana: "Tangazo ni tangazo, siku yoyote."

Hapa kwetu fedha inafuata mwezi, ule wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene wanaukimbilia mwanga wa taa na nyavu zinajaa. Mbalamwezi ikitanda, maji yote yana mwanga, hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa, hutengeneza nyavu na mitumbwi. Basi mialoni, boti zinakoshusha samaki, na visiwani, Ukerewe, Ukara, Kome, mifuko hulegea kwa pamoja. Nimeona mfanyabiashara wa redio na magodoro akikodi gari na kipaza sauti kuzunguka mwaloni siku mbili baada ya mwezi mpevu. Watu walimsikiliza kwa adabu, na hakuna aliyenunua. Alirudi akisema wavuvi hawapendi vitu vizuri. Wavuvi walikuwa hawana hela wiki ile tu! Angesubiri giza lirudi na boti zianze kushusha, kelele ile ile ingemlipa.

Kwangu mimi muuza dagaa hesabu inageuka: mbalamwezi ndiyo wakati wa kuwakumbusha wateja wa Dodoma na Dar es Salaam kwamba ninao mzigo mkavu wa akiba, kwa sababu sokoni umepungua na bei imeanza kupanda. Kwa anayewauzia wakulima wa Kwimba, Magu au Misungwi, kalenda ni nyingine tena. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa Mei, kwa hiyo tangazo la mabati au baiskeli la mwezi Februari, wakati watu wanapalilia, linazungumza na mifuko mitupu. Walimu na wauguzi wana mwisho wa mwezi wao. Muulize unayemuuzia analipwa na nani, na lini.

"Shusha bei, watajaa." Chukua mfuko uliokugharimu shilingi 4,000 unaouuza 5,000. Ukiushusha hadi 4,500, faida imetoka 1,000 hadi 500, kwa hiyo lazima uuze mifuko miwili pale ulipouza mmoja ili tu urudi ulipokuwa, na bado hujahesabu jasho la kufungasha mara mbili. Na ukitaka kurudisha 5,000, mteja atasema umepandisha. Bibi zetu sokoni walikuwa na njia bora: nyongeza. Ukipima, ongeza kiganja mbele ya macho yake. Bei inabaki pale pale, naye anaondoka akijua amependelewa.

Mawili ya haraka ya kwenye makaratasi, kwa sababu yamewahi kuwaliza watu. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, si kulinda nembo. Alama ya biashara husajiliwa peke yake, pia BRELA, hudumu miaka 7 ya kwanza kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Na namba 620 inayoanza kwenye msimbo pau, ile mistari ya barcode, haisemi chochote kuhusu ubora. Inaonyesha tu kwamba aliyeomba msimbo amesajiliwa GS1 Tanzania, shirika linalogawa misimbo hiyo. Ubora ni alama ya TBS, shirika la viwango, na mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho ya kupeleka TBS.

Dhana ya mwisho ni kwamba huwezi kujua ni tangazo lipi limekuletea mteja. Unaweza, kwa daftari la kaunta na swali moja: "Umetufahamu kupitia wapi?" Nilichora safu nne: bango la barabarani, stetasi, ndugu au rafiki, na karatasi ndogo yenye namba yetu ninayoiweka ndani ya kila mfuko. Kila mteja mpya, kistari kimoja. Bango ndilo lililokuwa likila fedha zangu nyingi. Miezi mitatu ilipokwisha safu yake ilikuwa karibu nyeupe, wakati ya karatasi ilikuwa imejaa hadi nimehamia ukurasa wa pili. Mkataba wa bango ulipoisha sikuuhuisha, na fedha yake nikanunulia karatasi.