Je, wajua kwa nini mtoto anauliza zaidi kwenye kitabu cha picha kuliko ndani ya daladala?

Juzi kwenye daladala ya Bububu mtoto wa miaka minne hivi kamuona mzee aliyekatwa mguu, akauliza gari zima likasikia, "Mama, mguu wake uko wapi?" Mamake akamfinya paja, kimya. Sasa hapo kajifunza nini? Adabu sawa, lakini kajifunza pia kwamba mguu ule hautajwi, ni kitu cha kuogopa.

Kitabu cha picha sivyo kabisa, picha haioni haya wala haikasiriki, unaikodolea macho mpaka uchoke mwenyewe. Na kuna utafiti wa Kanada ulitoka 2005, walifuatilia macho ya watoto wanaosomewa wakaona maandishi karibu hawayatazami kabisa, macho yote kwenye picha. Yani wewe unasoma mstari wa juu, mwenzio keshafika kona ya chini anachunguza kiatu.

Msomi mmoja wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika 1990 kwamba kitabu kinaweza kuwa dirisha la kumuonea mwingine au kioo cha kujionea mwenyewe. Huku kwetu madirisha tele, vitabu vya msaada vimejaa theluji na nywele za dhahabu, vioo ndo haba, lini umeona kibinti cha ushungi kinachoandika kwa mkono wa kushoto? Halafu mimi sivipendi vile ambavyo mtoto wa tofauti anachekwa mpaka aokoe kijiji kizima ndo apendwe. Kwani asingeokoa?

Tunacho kitabu kimoja nyumbani kisichokuwa hivyo, watoto wanacheza nage uwanja wa skuli, mmoja ana ualbino. Mtoto wa dada yangu kaninyooshea kidole, "Khaloo, mbona huyu peke yake kavaa kofia?" Sikumwambia habari za watu wote sawa, nikamwambia ngozi yake haina rangi ya kutosha kumkinga, jua linamuunguza upesi. "Na macho?" Haoni vizuri mbali, ndo maana darasani anakaa mbele. Akafunua kurasa mwenyewe kuhakikisha, na kweli, dawati la mbele!

Tumekisoma sijui mara ngapi, maana kila usiku ni "tena khaloo, tena", na siku hizi kofia haiulizi, anachotaka kujua ni kama yule kijana alipigwa mpira au alikwepa.