Avere au essere: kuchagua kisaidizi katika Kiitaliano

Wanafunzi wangu wa Kiitaliano waliolelewa katika Kiingereza husumbuka zaidi wanapotakiwa kusimulia mambo yaliyopita, kwa kuwa hapo hawana budi kuchagua kitenzi kisaidizi kati ya avere (kuwa na) na essere (kuwa). Kiingereza cha leo kimebaki na kisaidizi kimoja chenye maana ya "kuwa na", nao hukihamisha kilivyo na kuandika ho andato mahali pa sono andato, yaani nimekwenda. Hata hivyo, mgawanyo huo Kiingereza nacho kilikuwa nao: katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, Luka 24:34, Bwana "is risen" (amefufuka), kwa kisaidizi cha "kuwa", si "has risen".

Mara nyingi hufundishwa kwamba vitenzi vya mwendo huchukua essere. Kanuni hiyo siipendi, kwa sababu camminare (kutembea), viaggiare (kusafiri) na nuotare (kuogelea) ni vya mwendo na vyote huchukua avere, ilhali rimanere, yaani kubaki, huchukua essere. Afadhali kuuliza kama kitenzi kinataja shughuli aliyoifanya mtu, au mahali alipoishia na hali aliyo nayo. Tuchukue correre, yaani kukimbia. Anayesema ho corso per un'ora anaeleza kwamba alikimbia kwa saa nzima. Anayesema sono corso a casa anaeleza kwamba alikimbilia nyumbani. Vitenzi virejeshi, yaani vya kujitendea kama lavarsi (kujiosha), havina mjadala, vyote ni vya essere.

Kisaidizi kikiwa essere, neno linalokifuata hupatana na kiima: mwanamke husema sono andata, wanawake watupu siamo andate. Kwa aliyezoea kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka, hilo si geni, lakini Kiingereza hakidai upatanisho wa aina hiyo, na ndiyo maana wanafunzi hawa huusahau.

Ugumu wote hukutana katika piacere, yaani kupendeza. Katika mi sono piaciute le fotografie (picha zilinipendeza), kiima ni picha, wala si mimi niliyezipenda. Ni picha zinazoleta -e mwishoni mwa piaciute. Kinachozidi kuwapoteza ni sono, kwa kuwa umbo hilohilo hutumika kwa "mimi" na kwa "wao", na mwanafunzi hudhani linamhusu yeye. Kwa hiyo huwataka waandike kwanza le fotografie mi sono piaciute, kiima kikiwa mbele, ndipo wakirudishe nyuma ya kitenzi.