Tangi la Maji Taka Lisilojaa Si la Kujivunia

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Wakiso, Uganda, alinionyesha mfuniko wa zege nyuma ya nyumba yake, akaniambia kwa fahari kwamba tangi lake la maji taka halijajaa hata mara moja tangu 2009, na kwamba kwa sababu hiyo haoni haja ya kumwita mkaguzi alitazame lile la nyumba ya pili anayoijenga kando yake, maadamu fundi ni yuleyule. Sifa hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba sasa nabeba nondo ya kufungulia mifuniko kila niendako.

Tangi zima, lisilovuja, huwa limejaa siku zote. Maji hupanda hadi usawa wa bomba la kutokea, na tangu hapo kila ndoo inayoingia huisukuma ndoo nyingine kuelekea shimo la kunyonya, ambalo huyaachia maji yapenye ardhini. Kinachoongezeka polepole ni tope la chini na utando wa juu. Sisi wakaguzi hukadiria tope kwa lita 40 kwa mtu kwa mwaka, ingawa nakiri kwamba nimefungua matangi yaliyoikataa kabisa hesabu hiyo. Kwa watu sita ni lita 240 kwa mwaka, kwa hiyo tangi la lita 4,500 hufikisha theluthi moja ya tope, ambayo ndiyo dalili ya kuita gari la kunyonya, baada ya miaka sita hivi. Mzee hajawahi kuliita. Tulipofungua, maji yalikuwa karibu nusu mita chini ya bomba la kutokea, na ndani ya bomba lenyewe buibui alikuwa ametandaza nyumba yake. Tangu lijengwe, halikuwa limepeleka hata tone kwenye shimo la kunyonya. Kila kitu kilikuwa kikipenya sakafuni, ambako fundi aliweka matofali bila zege, kwa makusudi, ili mteja asisumbuliwe na gharama za kunyonya.

Kibali hakiwezi kuligundua jambo hilo. Kamati ya ujenzi ya wilaya au manispaa, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013, hupitisha michoro, na katika michoro kila sakafu ina zege. Ukaguzi ndio unaoona sakafu yenyewe, mradi ufanyike kabla ya kufunika. Mwenye nyumba anayeniita baada ya kumwaga zege la juu na kupanda nyasi ananiomba nikague nyasi. Kipimo chenyewe ni rahisi mno: jaza tangi maji safi, liache siku moja plasta inywe inachotaka, ongeza, piga alama, kisha rudi baada ya saa 24. Wanaolalamika kuhusu bei ya maji wanaweza kuyatumia baadaye kumwagilia zege.

Linaloniudhi zaidi ni umbali. Kanuni tunayoitumia sana ni mita 30 kutoka kisimani, lakini kiwanja cha kawaida hapa ni futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30, kwa hiyo kisima kinachohusika mara nyingi ni cha jirani, na mchoro huishia kwenye ua wako. Wala mita 30 zenyewe sizitegemei kwa moyo wote. Bondeni, karibu na mafunjo, ambako maji ya ardhini yako mita moja chini, zinanitia shaka hata zikitimia. Vivyo hivyo kipimo cha udongo kunyonya: kikifanywa Januari, ardhi ikiwa kavu, hutoa majibu ya kupendeza ambayo mvua za Aprili huyakanusha.

Tangi la nyumba ya pili lilikuwa bado wazi, basi mzee akakubali tulijaze. Baada ya siku ya kwanza tukaongeza maji, tukapiga alama ya chaki, tukafunika kwa mabati. Kesho yake maji yalikuwa yameshuka vidole vinne. Fundi akasema ni jua. Mzee aliyatazama yale mabati, akamtazama fundi, kisha akaniuliza mfuko wa saruji siku hizi ni shilingi ngapi.